Ndege Aliyefutwa Katika Orodha

Saa kumi na moja alfajiri, giza lilipokuwa bado limetanda juu ya Ziwa Victoria, sajini mmoja mstaafu wa polisi alikuwa amekwisha kuketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa katika mwalo wa Nakiwogo, Entebbe, daftari likiwa magotini na penseli sikioni. Kando yake alikaa mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na minne, aliyejitanda kanga ya bibi yake kwa ajili ya baridi. Hawakuwa wakizungumza. Bundi alilia mara mbili kutoka upande wa mafunjo. Sajini akamgeukia mjukuu, mjukuu akaitikia kwa kichwa kwamba naye amesikia, ndipo penseli ikashuka kutoka sikioni na ndege wa kwanza wa siku ile akaandikwa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Oktoba. Familia kadhaa za hapo Entebbe, pamoja na wanafunzi wachache na mwalimu wao, walikuwa wamekubaliana kushindana katika jambo ambalo majirani wengi hawakulielewa: kuona na kutambua aina nyingi za ndege kadiri iwezekanavyo, tangu alfajiri hadi magharibi, na kupiga picha moja iliyo bora kuliko zote. Zawadi ya orodha ilikuwa darubini mpya, ndani ya mkoba wake. Mjukuu alikuwa ameitazama darubini ile katika kabati la mwalimu kwa muda wa wiki tatu, kama mtoto mwingine atazamavyo viatu vya sikukuu. Wao wenyewe walikuwa na darubini moja ya zamani, ambayo upande wake mmoja uliingia ukungu, na iliwabidi wapokezane.

Huenda mtu akauliza kuna faida gani mzee wa miaka sitini na mitano kuacha kitanda chake ili akahesabu kwarara na yangeyange. Mkewe sajini aliuliza swali hilo kwa miaka mingi, na aghalabu aliuliza akiwa anamfungia mihogo ya kuchemsha ya kula njiani. Lakini mashindano ya namna hii si jambo la jana. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Marekani, palikuwa na desturi ya wanaume kutoka na bunduki siku ya Krismasi wakiwa wamegawanyika makundi mawili, na kundi lililorudi na rundo kubwa zaidi la ndege na wanyama waliouawa ndilo lililoshinda. Mwaka 1900 Frank Chapman, mtaalamu wa ndege katika jumba la makumbusho la New York, alipendekeza watu watoke vilevile, lakini wahesabu badala ya kuua. Krismasi ile walijitokeza watu 27 katika sehemu 25. Hesabu hiyo haijakoma hadi leo, na washiriki wake sasa ni maelfu kwa maelfu.

Baadaye wakatokea waliotaka ushindani mkali zaidi. Mwezi wa Mei 1984, katika jimbo la New Jersey, vikundi vilipewa saa 24 kamili, usiku na mchana, na kikundi kilichoshinda kilitambua aina 201; mmoja wa watu wake alikuwa Roger Tory Peterson, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya kutambulia ndege. Afrika Mashariki nayo haikukaa kando. Mwezi wa Novemba 1986, nchini Kenya, Terry Stevenson, John Fanshawe na Andy Roberts walifikisha aina 342 kwa siku moja. Mwaka 2015 watu wanne huko Ecuador wakafika 431. Na Uganda, nchi ambayo ukubwa wake unakaribia ule wa Uingereza, ina aina zaidi ya 1,000, na imejiwekea siku yake ya kuhesabu ndege kwa saa 24, ambapo vikundi kutoka pande nyingi za nchi huingia mashindanoni. Shindano dogo la Entebbe liliigwa kutoka hapo.

Sasa, katika hesabu zote hizo, ni nani aliyesimama akihakiki? Mpira una refa wake, na mbio zina utepe na saa. Lakini ndege hupita kwa nukta mbili, hujificha nyuma ya jani, na hakimu wa mashindano yupo mbali, amekaa kitini akingoja karatasi. Ndege aliyesikika tu, bila kuonekana, naye huhesabiwa. Chama cha watazama ndege cha Marekani kimejaribu kuweka kanuni, kwamba katika siku kubwa ya namna hii angalau asilimia 95 ya aina zilizoandikwa ziwe zimetambuliwa na kila mtu wa kikundi, wala si na mmoja peke yake. Ni kanuni nzuri. Lakini hata kanuni hiyo hutegemea neno la watu walewale waandikao orodha. Hakuna mwingine wa kuulizwa.

Mtu aliyewahi kushika lindo ataelewa jambo hili upesi kuliko profesa. Kitabu cha zamu huandikwa na mtu mmoja usiku wa manane, na asubuhi wakubwa hukisoma na kuamini kwamba saa nane kulikuwa shwari kwa sababu tu mlinzi ameandika kwamba saa nane kulikuwa shwari.

Kwa kweli ni lindoni ndiko sajini alikojifunza ndege. Alipokuwa konstebo kijana aliwekwa kulinda ghala karibu na ziwa, na katika usiku mrefu usio na redio alianza kutenganisha sauti: huyu ni bundi, huyu ni kirukanjia, huyu ni kwarara aliyeshtuliwa na kitu, na kilichomshtua kinafaa kutazamwa. Baada ya kustaafu alinunua kitabu chenye picha, akagundua kwamba mambo aliyofundishwa chuoni kuhusu kueleza sura ya mtuhumiwa yanafaa kabisa kwa ndege. Huanzi na jina. Unaanza na kimo: je, ni mkubwa kuliko njiwa au ni mdogo? Kisha mdomo, ni mnene wa kuvunjia mbegu kama wa shomoro, au ni mwembamba uliopinda kama wa chozi anyonyaye maua? Miguu ina rangi gani? Mkia anautikisa? Alikuwa wapi, juu ya mti au chini, na alikuwa akifanya nini? Alirukaje, kwa kunyooka au kwa kupanda na kushuka kama kigong'ota? Jina huja mwisho, na siku nyingine haliji kabisa. Mjukuu alikuwa amefunzwa hivyo tangu akiwa na miaka minane, na masikio yake yalikuwa yamekwisha kuyapita ya babu yake.

Asubuhi ile mambo yalikwenda vema. Kabla ya jua kupanda walikuwa katika bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ambako miti mikubwa huwapa makao hondohondo wenye kelele pamoja na yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, akimbiaye juu ya matawi kama kindi. Waliwapata wote wawili. Walipata mdiria wa aina nne, mnandi aliyeanika mbawa zake juu ya jiwe, na msingwe akijenga lile jumba lake la vijiti ambalo watu wengi huogopa kulivunja. Kaloli, ambaye hakuna mkazi wa Kampala asiyemfahamu kutoka kwenye majalala, aliandikwa bila sherehe.

Saa nne wakapanda mashua kuelekea Mabamba. Kinamasi hicho cha mafunjo, upande wa magharibi wa Entebbe, kiliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na umaarufu wake wote umebebwa na ndege mmoja: korongo nyangumi. Huyu ni ndege wa kijivu, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mtu mzima, ambaye huweza kusimama muda mrefu bila kutikisika akimngoja kamongo atoe kichwa kupumua. Zamani wavuvi wa hapo waliamini kwamba kukutana naye ni mkosi, kuwa siku hiyo nyavu zitarudi tupu, na baadhi yao walimuua. Leo wengi wa wavuvi haohao huendesha mitumbwi ya wageni wanaokuja kumtazama, na kuonekana kwake ndiko kunakoleta ada ya shule.

Mwenye mtumbwi aliyewapokea alikuwa mmoja wao. Aliwapitisha katika mfereji mwembamba kati ya yungiyungi, akauzuia mtumbwi kwa upondo mahali ambapo korongo alionekana wazi, ila alikuwa mbali. Mjukuu akainua simu. Katika kioo chake korongo alikuwa doa la kijivu.

“Babu, mwambie asogee kidogo tu.”

“Afande,” akasema mwenye mtumbwi kabla sajini hajafungua kinywa, “hapa ndipo mwisho. Tukipita hapa ataruka, na akiruka leo, kesho hatasimama hapa.”

Walikuwa bado wameketi hivyo ulipotokea mtumbwi mwingine, wenye vijana wa kikundi kingine na kamera yenye lenzi ndefu. Huo haukusimama. Uliingia moja kwa moja katika mafunjo, kijana mmoja akapiga makofi, na korongo akainuka, mbawa zake kubwa zikafunguka juu ya maji. Kamera ikalia kama cherehani. Lazima ikubalike kwamba ilikuwa picha nzuri, na jioni ile ilipowekwa mezani hapakuwa na ubishi. Mashindano makubwa ya picha za ndege duniani hukataa picha iliyopatikana kwa kumsumbua ndege, hasa kiotani, lakini hapo Entebbe hakuna aliyeuliza korongo yule aliruka kwa sababu gani, na picha haikusema.

Jambo lenyewe lilitokea saa tisa alasiri, wakati wa kurudi. Mashua ilikuwa katikati ya maji, jua likiwa kali machoni, darubini ikiwa mikononi mwa mjukuu kwa sababu zamu ilikuwa yake. Ghafla akapiga kelele: “Osprei! Babu, osprei!” Sajini aligeuka, akaona mgongo wa ndege mkubwa wa kahawia akipotea nyuma ya kisiwa. Akaipokea darubini na kutazama upande ule kwa dakika kumi. Ndege hakurudi.

Osprei ni tai mvuvi ambaye huzaliana Ulaya na Asia, na baridi ya kwao inapokaribia baadhi yao huvuka jangwa la Sahara kuja kula samaki wa maziwa na mito ya Afrika. Kwa hiyo kumwona juu ya Ziwa Victoria mwezi wa Oktoba ni jambo linalowezekana kabisa. Tatizo ni kwamba ziwa hilo lina tai wake mwenyewe mla samaki, yule mwenye kichwa cheupe ambaye sauti yake inajulikana na kila mvuvi, na watoto wa tai huyo hawafanani na wazazi wao. Kwa miaka kadhaa huwa na rangi ya kahawia iliyochanganyika na nyeupe, na wamewadanganya watu wenye ujuzi mkubwa. Aliyetulia huangalia mbawa: osprei ana mbawa ndefu nyembamba zilizokunjika kiwikoni, tai mchanga anazo pana. Huangalia kifua: cha osprei ni cheupe, cha tai mchanga kina michirizi. Huangalia uso: osprei ana mstari mweusi upitao jichoni.

Mjukuu alimwandika kwa mkono wake, nambari 117.

Magharibi, chini ya mwembe wa nyumba ya mwalimu, kabla ya kukabidhi karatasi, kila kikundi kilipewa robo saa ya kusahihisha. Habari ilikuwa imekwisha kuvuja, kama kawaida ya habari: kikundi cha kamera ndefu kilikuwa na aina 117. Kama wangelingana, mshindi angekuwa aliyemwona ndege adimu zaidi, na osprei alikuwa adimu kuliko wote. Darubini ilikuwa pale mezani.

Sajini alimvuta mjukuu kando. “Mama, usiniambie jina lake. Niambie ulichokiona.”

“Alikuwa mkubwa. Kahawia juu. Chini mweupe.”

“Mweupe mtupu, au wenye michirizi?”

“Mweupe.” Kisha, baada ya kimya: “Jua lilikuwa nyuma yake.”

“Na mstari wa jichoni?”

“Upo.”

“Najua upo kitabuni. Wewe uliuona?”

Msichana akatazama chini. Machozi yalikuwa karibu. “Babu, ni ndege mmoja tu. Atamdhuru nani?”

Swali hilo halikuwa la kitoto. Liliwahi kujibiwa na maisha ya ofisa mmoja ambaye Afrika Mashariki inamfahamu. Richard Meinertzhagen alikuwa ofisa wa King's African Rifles nchini Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Wanandi wanamkumbuka kwa siku moja ya Oktoba 1905, alipokutana na kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, katika kikao kilichoitwa cha amani, na Koitalel akauawa palepale. Ulaya ilimheshimu kwa sababu nyingine. Alikuwa mjuzi wa ndege, na mkusanyo wake wa ngozi za ndege zipatazo 20,000 uliingia katika jumba la makumbusho la London, kila ngozi ikiwa na kikaratasi cha kueleza ilipatikana wapi na lini. Alikufa mwaka 1967. Katika miaka ya 1990 wataalamu walipochunguza, walikuta kwamba ngozi nyingi alikuwa ameziiba kutoka mikusanyo ya watu wengine na kuzibandika vikaratasi vya uongo. Mojawapo ilikuwa ya bundi mdogo wa misitu ya India, ambaye Meinertzhagen alidai kumpata huko Gujarat mwaka 1914. Bundi huyo alitafutwa kwa miaka mingi bila kuonekana, hata ikadhaniwa kwamba amekwisha duniani. Mtaalamu Pamela Rasmussen alipotambua kwamba ngozi ile kwa hakika ilikusanywa na mtu mwingine katika karne ya 19, alikitupa kando kikaratasi cha uongo, akaenda kutafuta mahali ambako bundi wa kweli walipatikana zamani. Mwezi wa Novemba 1997 alimwona, mzima, juu ya mti.

Sajini hakumsimulia mjukuu habari hiyo. Alimsimulia nyingine, ambayo kabla ya hapo aliijua mkewe tu.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, katika kituo ambacho hakukitaja jina. Usiku mmoja iliibwa baiskeli, na konstebo kijana alimwona mtu akikimbia, amevaa shati jeupe, akichechemea. Mtaani palikuwa na mtu mmoja aliyejulikana kwa kuchechemea. Katika maelezo yake konstebo hakuandika kwamba ameona shati na mwendo, aliandika jina. Hakudhani anasema uongo, kwani alikuwa na hakika. Mtu yule alikaa rumande miezi minne, mpaka baiskeli ilipokamatwa wilaya nyingine mikononi mwa mtu ambaye siku ile alikuwa amejikwaa tu. Mkubwa wa kituo alisema ni bahati mbaya, faili likafungwa. Miaka kadhaa baadaye walikutana sokoni, na yule mtu akamsalimia sajini kwa heshima, jambo lililomuumiza kuliko kama angemtukana.

“Sikuuona uso wake,” akamwambia mjukuu. “Niliujua tu.”

Hakumwamuru kufuta. Watu waliokuwa karibu husema alimpa penseli na kwenda kuomba maji ya kunywa, na kwamba alikaa huko kwa mama mwenye nyumba muda mrefu kuliko inavyohitajika kumaliza bilauri moja. Aliporudi, karatasi ilikuwa imekwisha kukabidhiwa. Mwalimu alisoma matokeo: aina 117 kwa kikundi cha kamera, 116 kwa sajini na mjukuu wake. Kikundi kilekile kikachukua na zawadi ya picha. Watu wakapiga makofi, na wimbo ukaimbwa.

Kusema kwamba mjukuu alifurahia alichokifanya kungekuwa uongo mwingine. Alipanda bodaboda nyuma ya babu yake bila kumshika kiuno, akashikilia chuma cha nyuma njia nzima. Nyumbani alikataa chakula. Bibi yake, alipoambiwa kisa chote, alimgeukia mumewe na kusema kwamba mtoto amelipishwa deni la mtu mwingine, na sajini hakuwa na jibu. Huenda mama huyo alikuwa na haki. Huenda pia kwamba ndege yule alikuwa osprei kweli, naye amekwisha kurudi Ulaya siku nyingi.

Kwa wiki mbili daftari lilikaa juu ya kabati. Jumamosi ya tatu sajini aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akakuta darubini ya ukungu haipo kwenye msumari wake. Alimkuta mjukuu mwaloni, amejitanda kanga ileile, macho yakiwa upande wa kisiwa. Daftari lilikuwa wazi magotini mwake. Sajini aliinama kusoma. Palikuwa na mstari mmoja: ndege mkubwa, kahawia juu, chini sijaona, alikwenda kaskazini, saa 12.10.

“Anaweza kurudi,” akasema msichana bila kugeuka, na kumsogezea babu yake nafasi juu ya mtumbwi.